Wengu la Soud na pweza wa mama

Asya, mwenzangu, Soud wangu leo kaumbuka mbele ya mama mkwe wake.

Si wamekwenda yeye na mama hospitali ya Chake kupimwa wengu, hii bandama? Madaktari wanataka watu wazima wenye afya, tena wasiokula kitu tangu asubuhi, ili walinganishe mashine mbili za ultrasaundi, ipi inapima ugumu wa wengu sawasawa. Soud akajisifu, "Mimi nimefunga sunna, kama mama."

Mashine ya kwanza ikasema wengu laini. Ya pili ikasema gumu. Daktari Benedicta akatazama tena: "Kaka, umekula? Tumbo limejaa."

Na mama yuko nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia, Asya.

Soud akanong'ona, "Daktari, andika tu naumwa."

Pazia likafunguka. "Soud, na yule paka niliyempiga nikidhani kaiba pweza wangu wa futari?"