Sufuria ya Jimi

Tata, baba yangu,

Umetuachia mbwa mkaidi. Tangu tukuzike pale nyuma ya nyumba, kwenye migomba, Jimi alikuwa hataki kula. Mdogo wangu Mugisha alimwekea ndizi, akamwekea vichwa vya samaki, akamwekea hadi maziwa. Jimi anakitazama chakula, anamtazama Mugisha, anarudi kulala kaburini kwako. Mbavu zikatokeza. Mugisha akanipigia simu huku Bukoba, akasema, "Dada, huyu anamfuata mzee."

Unakikumbuka kiwanda chetu kidogo cha chakula cha mbwa. Ulikuja siku ile ukaziba pua, ukanicheka eti umenisomesha nikawe mpishi wa mbwa. Nyuma hukufika. Nyuma kuna vizimba. Kila tukibadilisha mchanganyiko, mbwa wa vizimbani ndio wanaoanza kula, na sisi tunasubiri tuone nani atatapika.

Bosi alikuja msibani kwako. Alikaa na wazee, akala, akakusifia, na ndipo alipomwona Jimi. Baadaye akaniambia nimlete, maana hana mbwa mzee wa kujaribia chakula kipya, na huku atashiba bure. Alisema kwa wema kabisa. Mugisha naye akasema nimchukue tu, hapa atakufa. Nikaja nyumbani Kamachumu na kamba mkononi. Ile kamba, Tata! Niliona aibu kuishika mbele ya kaburi lako.

Nikampashia ndizi na dagaa, angalau asafiri ameshiba. Nikaonja kama chumvi imekolea. Basi, hivyo tu. Jimi akainuka, miguu inatetemeka, akala mpaka akalamba sufuria.

Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ulikuwa humpi mgeni kabla hujapiga funda la kwanza mwenyewe, kama wazee wote wa kwetu, mgeni ajue hakuna sumu. Ila wewe ulifanya hivyo hadi kwa mbwa. Marehemu mama alikuwa anakugombeza, "Mwanamume mzima, unakula kwenye sufuria ya mbwa!" Nawe unamjibu, "Kama mimi siwezi kukimeza, yeye nampaje?" Kumbe siku zote hizo Jimi alikuwa anasubiri mtu aonje. Kamba nikaiacha pale pale.

Niliporudi kiwandani tulikuwa tunapika dagaa walionyeshewa mvua kisiwani wakiwa wameanikwa. Harufu yake, we acha tu. Nikachota, nikaweka mdomoni, nikatema. Nikasema, "Bosi, hebu onja kwanza." Akacheka, "Kwani mimi mbwa?" Akaniambia tusipowajaribishia hawa wa vizimbani, wataumwa mbwa wa wateja. Tata, hapo ana hoja. Lakini alishajua chakula kimeharibika. Alitaka tu kuona kama watakivumilia. Nikagoma kuwapakulia. Akanipa mpaka Jumatatu: nije na Jimi nifanye kazi yangu, au nibaki naye huko huko kijijini.

Akawapakulia mwenyewe. Wakala, maana wale hawajawahi kuonjewa na mtu, hawajui hata kusubiri. Kuna jike mmoja mwekundu, nikipita huwa anaweka pua kwenye wavu nimguse. Asubuhi nilimkuta amelala na pua yake pale pale kwenye wavu, amekwisha kuwa wa baridi. Nikamgusa hivyo hivyo. Hakuwa hata na jina, Tata, na nilishindwa nimwite nani.

Kesho ni Jumatatu. Jimi haji. Nakwenda mimi na kijiko changu. Nisichoweza kumeza hakiingii kizimbani, hata kama ni mimi wa kusimama mlangoni. Akinifukuza, sawa, nitakuja kupalilia kahawa yako, ila itabidi anifukuze mbele ya wenzangu wote na sababu aitaje mwenyewe. Hilo nakuahidi. Ninaogopa sana, lakini nakuahidi.

Pumzika sasa, Tata. Usiwe na wasiwasi na mbwa wako. Mugisha amepiga simu sasa hivi. Anasema ameonja, chumvi imepungua kidogo, na Jimi amemaliza yote.

Binti yako,
Koku