Maktaba Tano Nilizomwahidi Mzee Mureithi

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kama si mimi, Kisumu hii ingekuwa bado uwanja wa kuanikia omena, hawa dagaa wetu. Hilo linajulikana. Uliza yeyote kuanzia Kondele mpaka Kisian ni nani aliyewaonyesha wahandisi mahali pa kupitisha ile barabara ya juu. Watakwambia: Ondiek.

Kwa hivyo leo Griffins alikuja kwangu. Angeenda kwa nani? Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, anataka kumuoa Shiku, msichana wa Nyeri. Mimi ndiye jagam wake — msemaji, yule anayetangulia mbele ya ukoo kuongea na wakwe. Mdomo huu uliwahi kumuuzia mtu punda aliyekufa, na akashukuru!

Shida ni baba ya msichana. Mzee Mureithi. Alikuwa mkutubi wa shule mpaka alipostaafu — kazi ya kutunza vitabu na kunyamazisha watoto. Amesema hatazungumza habari ya posa kabla hajamwona msemaji wetu kwa macho yake. Akiniona mtu wa maana, atatupa tarehe ya kwenda kwao. Asiponiona hivyo, basi. Na Shiku hatamkaidi babake. Griffins aliniambia hilo akiangalia viatu vyake.

Nikampigia Mzee palepale. Sauti ndogo, ya adabu. Akasema yeye akisafiri hupenda kuingia maktaba za watu. Je, huko ziwani kuna za maana? Nikamwambia ziko tano, na mimi ndiye mlezi wa zote.

Akajibu: vizuri sana, nitakuja Jumatano unitembeze.

Tano! Sijui hiyo namba ilitoka wapi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeulizauliza mtaani, kwa ujanja, kama mtu anayejua tayari. Kuna ile kubwa ya serikali hapa mjini. Kuna ya jamii kule Dunga, chumba kimoja. Kuna ya kanisa, Kisian. Tatu.

Celestine, mama Griffins, amekuja na samaki wawili wa kukaanga, ngege wazima. Nikamweleza. Akaweka kikombe chini.

"Shemeji, mpigie mzee wa watu. Mwambie ni tatu. Tatu ni aibu?"

Nikamwambia mwanamume akishataja namba hairudishi.

"Basi usiniharibie mtoto na hiyo namba yako."

Akaondoka. Chai imebaki nusu. Celestine — kuacha chai!

Jumatano, 13 Agosti

Amefika. Mwembamba, sweta ya sufu kwenye joto hili, mwavuli kwapani. Anaongea chini mpaka unalazimika kuinama. Mtu wa hivyo ni hatari. Huwezi kumkatiza.

Griffins ameazima gari. Tukaenda Dunga. Hapo sina wasiwasi, nikasema, hapa ni kama nyumbani. Chumba chenyewe kimetazama ziwa, mafundi wanaziba mashua nje ya dirisha, nyundo ko-ko-ko. Vitabu vinanuka samaki! Nikaona aibu. Kumbe Mzee amefurahi. Mkutubi, dada mmoja anaitwa Debra, akamweleza kwamba kina mama wachuuzi huazima vitabu wakingoja mashua zirudi, na vikirudi vina magamba katikati ya kurasa. Mzee akafungua kimoja, akalipata gamba kweli, akaliinua kwenye mwanga kama amepata dhahabu. Akacheka. Nikajua tumeshinda.

Kisha Debra akaniangalia. "Na wewe, mzee wetu, ndiyo mara ya kwanza?"

"Debra," nikasema, "usijifanye hunijui."

"Jina langu umelijulia wapi?"

"Si tunajuana!"

"Ama umelisoma hapa?" Akagusa beji kifuani. Akacheka bila ubaya.

Nikasema mimi huja siku zake za mapumziko. Mzee Mureithi aligeuka akatazama ziwa kwa muda mrefu. Griffins jasho limemtoka mpaka kola imelowa.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo — mbaya.

Kisian ilienda sawa. Kabati nne, benchi moja, na mama wa kanisa ambaye ni bubu wa kuzaliwa, hakuniuliza chochote. Mungu yupo.

Ile kubwa ya mjini tuliiacha ya mwisho. Tulipokuwa tukirudi Mzee akauliza, kwa ile sauti yake: "Na ya nne iko wapi, Bwana Ondiek?"

Tulikuwa tunapita soko la Otonglo. Kama tungekuwa tunapita kaburini ningesema kaburini.

"Ilikuwa hapa," nikasema. "Ghorofa mbili. Ziwa lilipopanda mwaka ule, ikasombwa yote."

Akamwomba Griffins asimamishe. Akashuka na mwavuli. Akatafuta ziwa kwa macho. Halikuonekana.

"Maji yalifika mpaka huku?"

"Mzee, ziwa letu likikasirika!"

"Likabeba maktaba, likaacha soko?"

Mama mmoja wa nyanya, Adongo wanamwita, alikuwa amesikia yote. Akapiga makofi. "Laibrari? Hapa? Baba, mimi nauza nyanya hapa tangu meno ya utoto. Labda ilipita nikiwa nimeinama natafuta chenji!"

Soko lote likacheka. Mwingine akadakia: "Muulizeni kama ilienda na vitabu ama iliviacha!" Hata kijana wa kutengeneza viatu akaweka chini sindano acheke vizuri. Mimi nikacheka pia, kwa nguvu kuliko wote. Mzee hakucheka. Alinunua nyanya, nyingi, moja moja akizibonyeza. Akarudi garini, akazipakata mpaka mjini.

Ndipo akasema: "Ya tano usinionyeshe. Kesho twende ile kubwa. Tukae mimi na wewe, tusome saa moja. Halafu uniambie ulichosoma. Nikitoka hapo nitajua la kumwambia mama Shiku."

Griffins alinifuata mpaka mlangoni. "Anko, nakuomba. Kesho usiongee. Soma tu."

Ati nisiongee. Mtoto huyu hajui alichoniomba.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya ile maktaba kubwa.

Ukumbi umejaa wanafunzi wa likizo. Kimya mpaka unasikia feni ikikwaruza. Mzee yuko mbele yangu, miwani puani, anasoma kama mtu anayekula polepole. Kitabu changu alinichagulia yeye: cha samaki wa ziwa letu, chembamba, Kiswahili chepesi. Akaninong'oneza: "Nimekutafutia unachokijua." Hata matusi ningeyavumilia kuliko huo wema.

Nilifungua. Nikaanza. Msichana wa sare ya shule akaniangalia, akaziba mdomo. Mwenzake akamkanyaga mguu. Halafu akaja mhudumu, ameinama kwa heshima: "Mzee, samahani, tusome kimyakimya."

Nikafunga mdomo. Na kitabu kikafungika. Herufi ziko hapo zimetandazwa kama omena kwenye nyavu, sioni hata moja ikinyanyuka.

Ndipo nikatoa daftari hili. Kuandika naweza kimya, maneno ni yangu, nayajua kabla hayajafika. Mzee aliponiona na kalamu alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Anadhani nanakili mambo ya samaki! Nimejaza kurasa. Sijawahi kutoka jasho nimekaa.

Griffins amesimama mlangoni. Amekunja mikono, amekunjua, amekunja.

Mzee amefunga kitabu chake. Amevua miwani. Anainama juu ya meza.

"Haya, Bwana Ondiek. Samaki wanasemaje?"

Nimemwinulia kidole asubiri. Naandika haraka.

Ninayo hadithi tayari. Ile ya samaki mbuta aliyevuta mashua na watu sita mpaka upande wa Uganda, wakarudi kwa basi. Iko ulimini. Nikiianza, hakuna wa kunizuia, na sura ya mtoto pale mlangoni naiona tayari itakavyokuwa.

Mzee bado anangoja. Hajakasirika. Amegeuza kile kitabu changu kinielekee, kwenye ukurasa uleule wa kwanza, maana sikuugeuza hata mara moja, na ameona.

Wacha nijaribu neno lenyewe hapa kwanza, nione kama linaandikika.

Kusoma najua. Gazeti nasoma, Biblia nasoma, kanisani hunipa somo kwa sababu ya sauti. Nyumbani wanadhani nawasomea wao. Lakini shuleni tulikuwa watoto arobaini na kitabu kimoja cha mwalimu, tukisoma kwa kuimba, na mimi nilitoka kabla hatujafundishwa kunyamaza. Mzee Mureithi, bila mdomo wangu siwezi kusoma hata mstari mmoja.