Gauni la Kijani na Njia ya Ziwani

Gisenyi, Alhamisi, 13 Septemba 1956

Baba,

Nitakuambia yote, hata yale ambayo Mama amenikataza kuyasema ndani ya nyumba. Wewe ulikuwa ukitaka nikusomee barua za wateja wako neno kwa neno, hata zile za kukugombeza, na mimi nikiruka mstari ulinijua usoni. Leo sitaruka mstari.

Ni siku ya arobaini na tatu. Cherehani yako imefunikwa shuka jeupe. Kamba zako za kupimia bado zinaning'inia kwenye misumari, kila moja na mafundo yake: ya mke wa daktari, ya mama mwenye hoteli, ya yule mwembamba wa posta. Baba Mdogo Saidi alitaka kuzitupa. Alisema hakuna tena wa kuzisoma. Mimi ninaweza kuzisoma, Baba. Fundo la kwanza ni bega, la pili kifua, la tatu kiuno. Ulikuwa ukisimama nyuma ya nyumba, karibu na jiko, na mama wa Kizungu anajipima mwenyewe chumbani, kisha anakurushia kamba dirishani, kwa sababu mkono wako haukutakiwa kumgusa. Gauni likibana, kosa ni la fundi. Ukirudi ulikuwa unatuambia, "Leo Madamu amevuta pumzi akifunga fundo la tatu!" na sisi tunacheka mpaka Mama anaweka mwiko chini. Siku hizi nikikumbuka sipati tena mahali pa kucheka.

Jumatatu tulikusomea khitima ya arobaini. Watu walijaa uani, wengine wakakaa nje barabarani. Baada ya pilau Mzee Ramazani aliwaomba wanaume wasiondoke. Kuna wageni watatu kutoka ng'ambo wanaozunguka nchi nzima kuwauliza wenyeji wanaishije, nao hupokea barua za watu. Jumamosi watafika kwenye hoteli ya ziwani. Mzee Ramazani alitaka mtaa wetu uandike, na akasema niitwe mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilikaa mlangoni kwenye kigoda chako, karatasi juu ya ubao wako wa kukatia nguo. Nilijivuna kidogo. Nisamehe, hata siku ile nilijivuna.

Walianza na maji, wakaja kwenye soko, nami naandika. Ndipo Shabani dereva akasimama, yule aliyekubeba kwenda hospitali, mbele upande wa kushoto.

"Na Fundi je?" akasema. "Tunaandika bomba, tunaandika soko, Fundi tunamuacha?"

Akaeleza yote tangu mwanzo, ingawa kila mtu aliyajua: jinsi tumbo lilivyokukata alasiri, jinsi walivyofunga blanketi kwenye miti miwili wakakulaza, watu wanne. Kwa njia ya ziwani, chini ya mitende ya Wazungu, hospitali iko karibu, nawe ungefika kabla ya sala ya magharibi. Wao wakashika njia ya juu, ile ya mawe meusi inayozunguka mlima. Kwenye kona ya mikaratusi ukaacha kulalamika. "Tulisema amepata nafuu," Shabani akasema, "tukamushukuru Mungu, tukaendelea kutembea." Hapo kalamu yangu ilisimama.

Baba Mdogo aliinuka. "Nani aliwakataza kupita chini? Kibao iko wapi? Nionyeshe kibao, Shabani."

"Kibao haiko. Lakini kila mutu anajua."

"Anajua nini? Askari aliwarudisha?"

"Hatukufika hata kwa askari."

"Bon, basi! Hakuna kibao, hakuna askari. Sasa mnataka wageni waandike kwao kwamba Gisenyi ni mji mubaya, mji wa kuua watu? Huu mji watu wanausifu mpaka Ulaya! Wanakuja kuoga hapa. Wakiukimbia, nani atashonesha? Nani atakula samaki ya huyu mama?"

Mama Tatu, muuza samaki, alijibu kutoka nyuma ya pazia walikokaa wanawake: "Mbona sisi tunapita pale kila siku na vikapu vyetu?"

"Kinachopita ni kikapu, Mama Tatu," Shabani akamjibu. "Kesho kiache nyumbani, upite mikono mitupu, halafu uje utuambie."

Wengine walicheka. Mama Tatu hakucheka. Nilisikia akisema polepole, "Eh, hiyo ni kweli."

Unaikumbuka siku uliyonipitisha kule mara ya kwanza? Nilikuwa na miaka saba. Ulibeba gauni la mtu juu ya mikono yote miwili, kama mtu anayebeba mtoto mchanga, ukalinyanyua lionekane tangu mbali. Ukaniambia nitembee ukingoni, karibu na mfereji. Niliuliza kwa nini usilikunje tu uliweke begani. Ulisema, "Nguo hii ndiyo inayopita, mwanangu. Sisi tunaifuata." Niliona maneno hayo ni mazuri sana. Baadaye nikajua kwamba mtaa mzima unafanya hivyo, kwamba asiye na kazi kule huazima hata kapu la mboga la mwenzake, au mbwa wa bwana wa mwenzake, ili apite. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, nasi tunaijua vizuri kuliko masomo.

Sasa nitakuambia lile ambalo sijamwambia mtu.

Siku ile ulipougua, gauni la kijani la mama mwenye hoteli lilikuwa limekwisha. Ulilipiga pasi asubuhi. Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, na mimi nilisimama karibu nalo, bega langu linaligusa, wakati wanakutoa nje. Watu wanne hawakuwa na kitu cha Mzungu mikononi. Walikuwa na wewe tu. Ningelichukua lile gauni, nikatangulia mbele yenu nimelinyanyua kama ulivyonionyesha, tungepita. Mtu angeuliza, ningemwambia tunalipeleka. Nilijua jinsi ya kufanya, Baba. Ulinifundisha mwenyewe. Lakini niliambiwa nikae na Mama, nikakaa. Wazo lenyewe lilinijia kesho yake, tulipokuwa tunatandika majamvi ya matanga, na boi wa hoteli amekuja kulichukua. Mama alimfungia vizuri kwenye karatasi. Jumapili nilimwona yule mama mwenye hoteli amelivaa, anatoka kanisani. Linamkaa sawasawa. Kiuno hakibani hata kidogo.

Turudi uani. Baba Mdogo alipoona watu wanamwelekea Shabani, alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema siku zote arobaini. Yeye alikubeba mbele upande wa kulia, karibu na kichwa chako. Alisema, "Na tena ni marehemu mwenyewe aliyechagua. Pale njia inapogawanyika alisema, 'Saidi, pitia juu, tusiwasumbue watu.' Nilimusikia na masikio yangu."

"Mi sikusikia," Shabani akasema.

"We ulikuwa unahema kama ng'ombe, ungesikia nini?"

Wakaulizwa wale wawili wa nyuma. Mmoja yuko Goma kazini. Wa pili alisema alisikia mawe chini ya miguu yake, basi.

Mzee Ramazani akasema jambo lisilo na hakika lisiingie kwenye barua ya mtaa. Akaniambia niandike upya bila ile sehemu yako. Nikaandika, Baba. Niliandika taratibu, bila doa hata moja. Barua inaanza kwa kuusifu mji wetu, hewa yake na ziwa lake, halafu inaomba bomba la maji. Wote waliweka dole gumba. Baba Mdogo alinishika kichwa akasema, "Mutoto wa Fundi anaandika kama karani." Mama alikuwa nyuma ya pazia, anasikia yote. Tangu hapo anaosha vyombo ambavyo vimekwisha oshwa.

Sijui Baba Mdogo anasema kweli au anajikinga. Usiku wa msiba nilimwona akipiga paji la uso kwenye nguzo ya nyumba, kwa hiyo siwezi kumchukia. Na maneno hayo yanafanana na wewe. Hilo ndilo linaloniumiza. Ninaweza kukusikia ukiyasema, kwa sauti ile ile ya kuomba radhi uliyokuwa nayo ukikabidhi gauni lililobana kwa kosa la mwingine.

Karatasi yenye sehemu yako sikuichana. Iko kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Nakuahidi hivi: Jumamosi asubuhi nitaipeleka hotelini mimi mwenyewe, kwa njia ya ziwani, katikati ya njia wala si kwenye mfereji. Sitabeba gauni la mtu wala kikapu. Labda nitarudishwa, na labda wageni wataiweka tu pamoja na barua nyingine. Lakini wamekuja kutoka mbali ili wasome, nami naandika vizuri, na saa nyingine naamini hayo mawili yanatosha.

Imebaki sentensi moja kwenye karatasi hiyo, nimeiachia nafasi. Sitaki kukusingizia, wala sitaki kuwaficha waliokufunza uogope njia. Pumzika, Baba. Mungu akupanulie mahali ulipo, upite utakapo. Lakini kabla ya Jumamosi, kwa ndoto au kwa namna yoyote mnayoruhusiwa huko, nijibu mimi binti yako Mwamini: pale njia inapogawanyika, ulisema kweli wapitie juu?