Wivu wa Treni za Shaba

Mjukuu wangu Otieno,

Nakusalimu kutoka Kisumu. Sisi ni wazima. Mama yako bado anauza nyanya sokoni Otonglo, na magoti yangu yananung'unika kama kawaida. Treni ndogo ya shaba uliyonitumia ilifika salama. Nimeiweka juu ya redio, karibu na zile zingine ulizonitumia.

Umeuliza kwa nini nikiangalia video za yule mzungu mwenye kabati zima la treni za shaba nazima simu kwa hasira, halafu kesho naziangalia tena. Ni wivu, baba. Hata injini kama zile zilizokuwa zikipita hapa kwetu anayo!

Nilipokuwa msichana, rafiki yangu Akinyi alikuwa binti wa dereva wa treni. Siku moja baba yake alimpandisha kwenye injini, wakaenda mpaka Muhoroni. Mimi nilibaki stesheni nimeshika ua wa waya, nikiomba mvua imnyeshee.

Jioni alishuka uso umejaa masizi. Nikageuka niende zangu, akanikimbilia.

"Usiende! Kule kwenye injini kila nikiona kitu nageuka nikuambie, kumbe hupo."

"Basi niambie sasa," nikasema, bila kumtazama.

Tukaketi kwenye benchi akanisimulia kila daraja, kila shamba la miwa, na jinsi alivyovuta honi kwa mkono wake. Kila neno lilinichoma, sikudanganyi. Lakini baba yake alipomwita waende nyumbani, ni mimi niliyemshika nguo asiondoke kabla hajamaliza.

Akupendaye,
Dani, nyanya yako