Zawadi Amerudi Chini ya Meza

Jeddah, Jumatatu, watoto wameshaondoka

"Chekechea isiyodai ikama inafundisha watoto kujificha." Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa kamati inayoendesha chekechea yetu, aliyekuja leo kutoka Riyadh kutukagua. Uongo mtupu! Kujificha wamejifunza nyumbani, kwa mama wasio na ikama, kibali cha kuishi Saudia, wanaoogopa kila hodi. Sisi tunawafundisha kuacha.

Zawadi, mtoto wa miaka minne, alikuwa akiingia chini ya meza kila kengele ya mlango ilipolia. Ilituchukua miezi kumtoa. Leo imelia, akakimbilia mlangoni mwenyewe.

"Shikamoo, babu!"

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Huyu ana ikama?"

"Ana miaka minne," nikamjibu.

"Dada, mafi ikama, mafi shule. Hakuna! Halas, imekwisha."

Zawadi hajui ikama ni nini, lakini sauti ya namna ile anaijua. Alirudi chini ya meza, na uji wake akaunywea huko huko.

Kesho kamati itapiga kura kuwatoa watoto wasio na ikama kama yeye, nami nitawasomea haya: Wanakamati, njooni kwanza hapa chekecheani, Hindawiyah. Pigeni magoti, mtoeni Zawadi chini ya meza. Kisha ndipo mpige kura.