Miti ya Mtabila

Jumatano, Kasulu

Basi ni miti kweli. Tangu nilipotuma ramani ya msitu ulioota upya huku, msimamizi wangu hajachoka kunitania kwamba picha za setilaiti zimeona nyasi ndefu na modeli yangu ya kompyuta ikaziita msitu. Leo nimeishika miti hiyo kwa mikono yangu, pale ilipokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila kabla haijafungwa.

Aliyenipeleka ni Mama Yusta, aliyekulia kambini humo kabla ya kuolewa na Mha, mwenyeji wa hapa. Siku hizi analima mihogo kando ya miti hiyo. Nilipozungusha utepe wa kupimia kwenye shina, usawa wa kifua, akauliza kama naushonea mti gauni.

"Natafuta kaboni, mama. Mti huivuta kutoka hewani ukaihifadhi."

"Kumbe. Sisi tuliipikia maharage."

Nilicheka hadi nikasahau kipimo, ikabidi nirudie. Akanionyesha ilipokuwa nyumba yao. Mti ulikuwa umesimama palipokuwa mlango. "Huyu naye," akasema, "kaingia bila hodi."

Njiani akaniuliza, huku akitabasamu, kama wakubwa wakiipenda miti hii watamwondoa shambani.

"Mimi napima tu, mama."

"Hata waliotuhamisha kambini walianza kwa kuja kupima, mwanangu."

Nikauviringisha utepe nikautia mfukoni.

Vipimo nimeshamtumia msimamizi. Mwishoni nimeongeza sentensi ambayo hakuniomba: kando ya miti hii kuna mashamba, na watu wanaishi hapo. Akiifuta, nitaiandika tena.