Beleshi la Mjomba Tshokolo

Dineo, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Nimetoka sasa hivi makaburini Sebokeng. Gazeti lilinituma nikapige picha za mazishi ya yule mchimba migodi. Wanaume wanajaza kaburi, mimi niko ukingoni na kamera, mara Mjomba Tshokolo ananiona. Ananipa beleshi!

Beleshi, Dineo. Mbele ya watu wote. Akaniita kwa lile jina la kiume nililopewa nilipozaliwa: "Moeketsi! Kamera haikukufanya mwanamke. Njoo ufukie na wanaume wenzako."

Miaka yote hii kazini, picha zangu zimetundikwa hadi kwenye maonyesho, na bado beleshi moja likanishinda. Nikilipokea, nimekubali kwamba mimi ni mwanaume. Nikilikataa, nimemdharau marehemu.

Ndipo Mama Nthabiseng, shangazi wa marehemu, akapaza sauti kutoka nyuma ya wanaume, walikosimama wanawake: "Tshokolo, hilo beleshi mpe mwanao, kajificha kule nyuma ya gari! Na wewe binti, kichwa wazi makaburini? Huna hata haya? Njoo huku ujifunge shali!"

Watu wakacheka. Nikaenda, naye akanigombeza mpaka nilipomaliza kujifunga.

Binti, Dineo. Mbele ya watu wote.

Sasa mhariri anadai picha ya karibu, ya udongo ukimwagwa. Sina. Na nimechoka, sina nguvu ya kumweleza. Nimemtumia niliyonayo: migongo ya wanaume, kama tulivyoiona sisi wanawake.